Yule Mtu Aliyesimama Getini

Maandiko: 2 Samweli 3:22-30, 2 Samweli 10:1-6, Yoshua 22:10-34



Wengi wenu mnajua kwa nini naandika juu ya jambo hili wiki hii. Kwa wale hawako kwenye grupu la WhatsApp la kanisa, wacha nieleze kwa kifupi. Jumanne ya juma lililopita, saa nne asubuhi, mtu alituma picha. Mwanaume amesimama nje ya geti letu, begi mgongoni, simu ameielekeza juu. Chini ya picha kukaandikwa ati huyu mtu anapiga picha kanisa, si mtu wa hapa, tuwe macho, sambaza. Kufikia saa sita alikuwa tayari na jina. Kufikia saa nane alikuwa "ametumwa." Jioni mtu akaandika ploti anayotaka kuhamia.

Kumbe alikuwa anapiga picha namba ya simu iliyo kwenye kile kibao cha nyumba ya kukodisha, kile kimefungwa kwenye nguzo ya stima kando ya geti. Alikuwa anatafuta nyumba. Siku hiyo hiyo aliipata, akalipa kodi ya mwezi wa kwanza, na kesho yake pesa zikarudishwa kwa M-Pesa bila maelezo yoyote. Kwao ni kaskazini mwa nchi. Mwenye nyumba ni mshirika wetu.

Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa lile grupu. Niliiona picha saa nne na dakika chache. Ningeweza kuifuta. Ningeweza kuuliza. Nilisoma, nikaweka simu mfukoni, nikaendelea na kazi.

Jumapili nilipoligusa jambo hili kwenye mahubiri, mama mmoja tunayemheshimu sana alinisubiri mlangoni. Akaniambia, "Mchungaji, na kama kweli angekuwa gaidi? Ungetuzika wewe?" Nikamwambia, "Mama, nipe wiki moja." Hili ndilo jibu langu, na nikiri mapema kwamba si jibu jepesi.

Kwanza, mama ana haki ya kuuliza. Tangu jeshi letu liingie Somalia Oktoba 2011, sisi ni nchi iliyo vitani, hata kama tunasahau tukiwa kwenye foleni ya duka. Watu 67 waliuawa Westgate Septemba 2013. Watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, wengi wao watoto wa watu waliokuwa wamelala tu. Julai 1, 2012, makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa watu wakiwa ibadani. Anayesema hofu hiyo ni upuzi hajawahi kusimama mlangoni Jumapili akipekua mifuko. Kwa hivyo sitauliza kama tuna sababu ya kuogopa. Tunayo. Ninachouliza ni hiki: hofu ikiwa ya kweli, inanipa ruhusa gani juu ya jirani yangu?

Nataka tutoke kwetu kidogo, kwa sababu tukianza na ya kwetu kila mtu anatetea upande wake. Twende Marekani. Jumapili ya Desemba 7, 1941, ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor kule Hawaii. Zaidi ya Wamarekani 2,400 walikufa asubuhi moja. Sasa, katika majimbo ya pwani ya magharibi, California hasa, kulikuwa na watu zaidi ya laki moja wenye asili ya Kijapani. Wakulima wa mboga na matunda, wavuvi, wenye maduka madogo. Thuluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa, watoto waliosoma shule moja na wale wengine.

Uvumi ulianza mara moja. Ati huko Hawaii wakulima wa Kijapani walikata miwa kwa umbo la mshale kuonyesha ndege za adui njia. Ati kuna watu pwani wanawasha taa usiku kuwaashiria wenye nyambizi baharini. Wachunguzi wa serikali walifuatilia, na ile miwa yenye mishale haikuonekana. Tume iliyosimamia mawasiliano ya redio ilifuatilia ripoti za mitambo ya siri, na ikamjulisha jenerali aliyekuwa akiilalamikia kwamba haikupata hata mmoja. Lakini waziri wa jeshi la majini, Frank Knox, alirudi kutoka Hawaii Desemba hiyo akawaambia waandishi wa habari kwamba wasaliti wa ndani walifanya kazi kubwa kule. Waziri akishasema, nani atamsikiza karani aliyetumwa kukagua miwa?

Na tuwe waaminifu. Wapelelezi walikuwako. Mmoja aliitwa Takeo Yoshikawa, afisa aliyetumwa kutoka Japani akakaa katika ubalozi mdogo wa Honolulu kwa jina bandia. Mwingine, aliyeshtakiwa na kupatikana na hatia, aliitwa Bernard Kuehn. Huyo alikuwa Mjerumani. Watu walikuwa wanakodolea macho nyuso za Kijapani, na mtu aliyekuwa akilipwa na Japani ni mzungu. Pia katika kisiwa kidogo cha Niihau, rubani wa Japani alianguka, na mkaazi mmoja mwenye asili ya Kijapani akamsaidia hadi watu wakafa. Kwa hivyo siwaambii hatari ilikuwa hadithi ya kutungwa.

Jenerali aliyesimamia pwani ya magharibi aliitwa John DeWitt. Mnamo Februari 1942 aliandika mapendekezo kwamba watu hawa wote waondolewe. Tatizo lake lilikuwa moja: miezi miwili ilikuwa imepita na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefanya hujuma. Unajua alilitatuaje? Aliandika kwamba kule kutotokea kwa hujuma yoyote kunasumbua, na kunathibitisha kuwa itatokea.

Isome hiyo tena polepole. Wakifanya hujuma, wana hatia. Wasipofanya, wana hatia zaidi, kwa maana wanangoja. Niambie, mtu aliye mbele ya hoja kama hiyo afanye nini ili awe salama? Akinyamaza anaficha. Akiongea anajitetea sana. Akija kanisani anapeleleza, asipokuja anatuchukia. Mimi nafikiri hapa ndipo uangalifu unapogeuka kuwa dhambi, na mpaka wenyewe unaonekana vizuri kuliko tunavyodhani. Mwangalifu anaweza kukuambia ni kitu gani kikitokea atabadilisha mawazo. Mwenye shuku hana kitu kama hicho. Ukimwonyesha kibao cha nyumba ya kukodisha anasema, "Sawa, lakini kwa nini achague nyumba iliyo karibu na kanisa?" Hayo maneno yaliandikwa kwenye grupu letu Jumatano, baada ya ukweli kujulikana.

Februari 19, 1942, Rais Roosevelt alitia sahihi Amri 9066. Kufikia mwisho, watu kama 120,000 walikuwa wamefungwa. Familia zilipewa siku chache. Walibeba kile mikono yao iliweza kubeba. Friji, gari, ng'ombe, mavuno yaliyo shambani, viliuzwa kwa bei ya kutupa au viliachwa. Wengine walilazwa kwanza kwenye mazizi ya farasi katika viwanja vya mashindano, halafu wakapelekwa kambi kumi huko ndani ya nchi, nyuma ya seng'enge. Wazee na watoto wachanga pia. Tume ya serikali yao iliyochunguza jambo hilo ilisema mwaka 1983 kwamba haikupata kitendo hata kimoja cha upelelezi au hujuma kilichofanywa na watu hao wa pwani ya magharibi. Mwaka 1988 Rais Reagan alitia sahihi sheria ya kuomba msamaha, na kila aliyekuwa bado hai akapewa dola 20,000. Wengi walikuwa wameshazikwa.

Chuoni mimi nilisomea biashara kabla ya Bwana kuniita, na kule walitufundisha swali moja ambalo nimeona linafaa hata madhabahuni: nani anafaidika? Wakulima wazungu wa mboga wa California walikuwa wamechoshwa na ushindani wa Wajapani, ambao walijua kutoa mazao mengi kwenye ardhi ndogo. Mnamo Mei 1942, afisa wa chama chao alisema wazi katika gazeti la Saturday Evening Post kwamba wanalaumiwa kutaka Wajapani waondoke kwa sababu za kujinufaisha, na akakubali kwamba ni kweli. Sisemi uvumi wote ulianzia sokoni. Lakini angalia Hawaii. Huko ndiko bomu zilikoanguka, na huko watu wa asili ya Kijapani walikuwa zaidi ya thuluthi moja ya wakaazi wote, kama 158,000. Waliofungwa huko hawakufika 2,000. Kuna sababu kadhaa, na mojawapo ni kwamba bila wao kazi za kisiwa zingesimama. Mahali walipohitajika, waliaminika. Mahali shamba lao lilitamaniwa, wakawa wapelelezi.

Biblia inamjua mtu wa aina hii. Katika 2 Samweli 3, Abneri anakuja kwa Daudi kufanya amani, anakula naye, anaondoka salama. Yoabu anaporudi anamkemea mfalme: huyo alikuja kukudanganya, achunguze unavyotoka na kuingia. Kisha anamwita Abneri kando langoni na kumchoma tumboni. Mwandishi wa kitabu hatuachi tubahatishe sababu. Anasema ni kwa ajili ya damu ya Asaheli, nduguye Yoabu, ambaye Abneri alimuua vitani. Usalama wa taifa ulikuwa koti tu. Ndani ya koti kulikuwa na kisasi.

Sura chache mbele, Hanuni mfalme wa Waamoni amefiwa na babake. Daudi anatuma watu wampe pole. Wakuu wa Hanuni wananong'ona: unafikiri kweli anamheshimu baba yako? Hawa wamekuja kuupeleleza mji. Tafadhali kumbukeni hawakuwa wajinga. Daudi alikuwa mtu wa vita na aliwahi kutumia wapelelezi. Shuku yao ilikuwa na msingi kidogo. Ila walikosa kitu kimoja: hakuna aliyewauliza wale wageni lolote. Walinyolewa ndevu nusu, wakakatwa mavazi mpaka makalioni, wakafukuzwa. Halafu Hanuni akaona amejiletea vita, akakodi askari 33,000. Mimi kama mtu wa hesabu nasema hiyo ni pole ghali kuliko zote katika Agano la Kale.

Wazee wetu hapa hawahitaji California kuelewa haya. Aprili 1954, wakati wa hali ya hatari, serikali ya mkoloni ilizingira Nairobi katika ile operesheni iliyoitwa Anvil. Maelfu ya watu walipangwa mistari. Mbele yao alikaa mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, matundu mawili ya macho. Unapita. Akitikisa kichwa namna moja, unarudi nyumbani. Akitikisa namna nyingine, unapandishwa lori kwenda kizuizini. Hukujua ni nani. Hukuweza kumuuliza alikuona wapi. Labda ni mtu mliyegombania mpaka wa shamba. Ndiyo maana sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 19, ilitaka mashahidi wawili au watatu, na ikaagiza kwamba shahidi wa uongo afanyiwe yale aliyokusudia kumfanyia mwenzake. Shahidi alitakiwa awe na uso. Ujumbe uliosambazwa mara hamsini hauna uso. Nilipojaribu kutafuta nani alipiga ile picha ya getini, kila mtu aliniambia, "Nami nilitumiwa tu."

Sasa nirudi kwa swali la mama. Kama kweli angekuwa gaidi?

Mama, nilizunguka nikiuliza kitu kimoja. Niliuliza wazee, vijana, wahudumu wa mlangoni, na mwenye nyumba mwenyewe: nani alipiga simu polisi? Nani alimwambia chifu, au hata mwenyekiti wa Nyumba Kumi? Hakuna. Hata mmoja. Watu mamia waliamini kuna mtu anapanga kutuua, na hakuna aliyepiga simu. Kama angekuwa gaidi, tungemwonya kwamba tumemwona, angehama, na wenye kazi ya kumshika wasingejua lolote. Tuliamini vya kutosha kumnyima nyumba. Hatukuamini vya kutosha kutumia shilingi ya simu. Hiyo si hofu ya mtu anayelinda watoto wake. Mimi mwenyewe nimejichunguza, na nadhani kulikuwa na utamu fulani pale, ule wa kuwa na habari kabla ya wengine.

Kwa hivyo mifuko tutaendelea kupekua mlangoni. Wa mgeni, wangu, na wa askofu. Kinachofanywa kwa kila mtu hakimdhalilishi mtu. Ukiona jambo linakusumbua, mpigie mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuuliza na anayeweza kuulizwa baadaye. Na kabla ya hapo, kama inawezekana, uliza mwenyewe. "Habari yako ndugu, nikusaidie?" Maneno manne tu. Yangetosha siku ile.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye Yoshua 22. Makabila ya ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa mno. Israeli wote wakakusanyika Shilo tayari kwa vita, maana walidhani ndugu zao wameasi. Lakini kabla ya kuvuka walimtuma Finehasi na wakuu kumi wakaulize. Na huyu Finehasi hakuwa mtu laini, someni Hesabu 25. Alienda na mashtaka makali. Ila alibeba pia kitu ambacho sisi huruka tukisoma: katika mstari wa 19 aliwaambia kwamba kama nchi yenu ni najisi, njooni mkae kwetu, tugawane. Alikwenda kushtaki akiwa tayari kugawa shamba lake. Wakamjibu kwamba madhabahu ni ushahidi tu, ili watoto wenu wasije wakawaambia watoto wetu hamna sehemu kwa Bwana. Ni hofu ya kutengwa ndiyo iliyoijenga! Vita vikaisha kabla ya kuanza.

Mtu atasema huyo ni Finehasi, sisi ni watu wa kawaida. Sawa. Kule California, karibu na mji wa Sacramento, kulikuwa na mkaguzi wa mazao aliyeitwa Bob Fletcher. Majirani wa Kijapani walipochukuliwa, aliacha kazi yake akalima mashamba ya zabibu ya familia tatu. Alilipa mikopo na ushuru wao. Walimwambia achukue faida yote. Alichukua nusu, nusu nyingine akawawekea. Watu walimtukana, na risasi ikafyatuliwa kwenye ghala alipokuwa. Nyumba ya wenyewe hakulala ndani, alilala kwenye vyumba vya vibarua. Familia ziliporudi mwaka 1945, zilikuta nyumba imesafishwa na mke wake na pesa ziko benki. Alikufa mwaka 2013 akiwa na miaka 101. Na kulikuwa na mchungaji wa Baptisti, Emery Andrews wa Seattle. Kanisa lake lilikuwa la Wajapani. Lilipohamishwa kambini Idaho, alihamisha mke na watoto akaenda kuishi karibu na kambi. Nikifikiria huyo mchungaji, nafikiria pia mimi na simu yangu mfukoni.

Na kwetu pia. Desemba 2015, basi la kwenda Mandera lilipotekwa, magaidi walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Mtu wa kaskazini. Jina kama lile lililoandikwa chini ya picha yetu.

Alhamisi hii mimi na mzee mmoja wa kanisa tulienda kumtafuta yule mtu. Ameshapata nyumba mtaa mwingine. Tulimwambia tulikotoka na kilichotuleta. Alitukaribisha, akatuma mtoto soda. Alisikiliza mpaka tukamaliza kuomba msamaha. Kisha akauliza swali moja tu: ile picha imefutwa kwenye simu zote?

Nikamwambia sijui. Nikamwambia nitauliza, na nitaandika. Basi nauliza.